Sindano moja kabla ya kisu: je, tumepunjwa dawa?



Dada yangu alijifungua kwa upasuaji hivi karibuni. Tulipomfikisha nyumbani Butiama, swali la kwanza la mama mkubwa lilikuwa: dawa ziko wapi? Akaonyeshwa vidonge vya maumivu na vya kuongeza damu, basi. Antibayotiki hakuna. Karatasi zilionyesha alichomwa sindano moja tu ya mshipa, kabla hajapasuliwa. Mama mkubwa akasema hapa tumepunjwa, na jioni ile ile kijana akatumwa Musoma na pikipiki kununua Ampiclox. Baadaye nikiwa Bunda nikasikia malalamiko hayo hayo kwa mzee aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri. Nikaona niliandike hili, maana wengi wetu tunaamini dozi ya siku saba ndiyo dawa, na sindano moja ni ubahili.

Tuanzie kwenye ngozi. Hata uoge vipi, ina bakteria siku zote. Wanapaka dawa ya kuua wadudu kabla ya kukata, lakini wengine wamejificha kwenye vinyweleo na tezi za jasho. Kisu kikipita, baadhi wanaingia ndani. Kama dawa imeshaenea kwenye damu na nyama kwa kiasi cha kutosha, wanakutana nayo mlangoni. Tena damu inayoganda kwenye jeraha inaganda ikiwa na dawa ndani yake! Ukichelewa, bakteria wanajishikiza na kuzaana, mishipa midogo pale palipokatwa imeziba, na dawa unayomeza kesho yake inafika kwa shida sehemu ile ile inayohitajika.

Hili si jipya. Mwaka 1961 daktari wa Boston, John Burke, aliwachoma simbilisi bakteria kwenye ngozi, kisha akawapa dawa kwa nyakati tofauti. Waliopata mapema walikingwa. Waliocheleweshwa saa tatu au zaidi, ilikuwa kama hawakupewa kitu. Mwaka 1992 ukatoka utafiti wa Marekani wa wagonjwa 2,847. Waliopewa dawa ndani ya saa mbili kabla ya kukatwa, walioambukizwa walikuwa asilimia 0.6. Waliopewa mapema mno, asilimia 3.8. Waliopewa muda mrefu baada ya kukatwa, asilimia 3.3. Yaani kuwahi mno nako ni kosa.

Kwa nini? Kwa sababu mwili hauitunzi dawa, unaitoa. Chukua sefazolini, ambayo hutumika sana kwa kinga ya upasuaji. Kwa mtu mwenye figo nzima, kila baada ya saa mbili hivi kiasi kilichomo kwenye damu kinashuka nusu. Ndiyo maana inachomwa ndani ya saa moja kabla ya kukata, na upasuaji ukivuka saa nne inarudiwa. Mgonjwa akipoteza damu zaidi ya lita moja na nusu inarudiwa pia, maana dawa imetoka na damu. Mtu mzima wa kilo 120 na kuendelea hupewa gramu tatu badala ya mbili. Seftriaksoni yenyewe inakaa zaidi, kushuka nusu huchukua kama saa nane. Na kama mguu unafungwa mpira wa kuzuia damu, dawa lazima itangulie, la sivyo itazunguka mwili mzima isipokuwa pale inapotakiwa.

Kwa akina mama wanaopasuliwa, zamani sehemu nyingi walisubiri kitovu cha mtoto kikatwe kwanza ndipo wachome, wakihofia dawa imfikie mtoto. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linashauri ichomwe kabla ya kukata.

Sasa mtasema hayo ni ya Wazungu. Haya, twende Bugando, Mwanza, ambako wagonjwa wa kwetu Mara hupelekwa kwa rufaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalihusu wanawake 500 waliojifungua kwa upasuaji pale. Nusu walipewa jentamaisini na metronidazoli dozi moja kabla ya upasuaji, nusu wakaendelea na dozi zaidi baadaye. Walioambukizwa kidonda: asilimia 4.8 kwa dozi moja, 6.4 kwa dozi nyingi. Kitakwimu tofauti hiyo si kitu, ila dozi za ziada hazikuongeza kinga yoyote.

Lakini msinielewe vibaya. Hospitali hiyo hiyo, utafiti wa 2011 ulikuta wagonjwa 65 kati ya 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa wakipata maambukizi ya kidonda, na upasuaji wa saa tatu na kuendelea ulikuwa moja ya sababu. Tatizo lipo, tena kubwa. Na kuna wanaohitaji dawa za siku kadhaa kweli: kidole tumbo kilichopasuka, utumbo uliotoboka, jeraha lililoingia uchafu. Hiyo si kinga tena, ni tiba, na daktari akiandika, maliza. Vilevile kidonda kikianza kuvimba, kuuma zaidi badala ya kupungua, kutoa usaha, au homa ikipanda hata wiki ya tatu, rudi hospitali. Usikimbilie duka la dawa. Vidonge vya kubahatisha vinaua bakteria dhaifu na kuwaacha sugu, halafu siku ukiwahitaji madaktari kweli, dawa inagoma.

Kama una mgonjwa anayekwenda kupasuliwa, badala ya kuuliza atapewa vidonge vingapi, muulize nesi kwa adabu: sindano ya kinga ameshachomwa, na ni saa ngapi?

Dada kidonda kimekauka vizuri, nyuzi zimetolewa. Ile Ampiclox hakuimeza, iko kabatini kwa mama mkubwa. Anasema ni ya dharura. Nimeiomba mara mbili, hataki kuitoa.