Jiwe la Shabiki: Matusi, Refa na Fujo za Viwanjani Kongo, 1957–2014

1. Utangulizi

Kero za mashabiki wa kandanda hujulikana popote Kiswahili kinaposemwa. Yuko amtukanaye refa kabla kipenga hakijalia, yuko amzomeaye jirani aliyefungwa hata msibani, yuko arushaye chupa uwanjani kisha akajificha nyuma ya wenzake. Iwe Kinshasa au Bukavu, iwe katika mji wa migodi ya dhahabu kama Kamituga, tabia hiyo huelezwa kwa maneno matatu: ujana, pombe na ujinga. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Vijana na walevi huhudhuria mechi nyingi zinazokwisha kwa amani. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mifano michache ya kihistoria, kwamba tusi hugeuka jiwe pale mashabiki wanapoacha kumwamini mwamuzi, na kwamba jiwe hilo ni nadra kumpata aliyekusudiwa.

2. Uwanja wa mkoloni

Mwezi wa Juni 1957 timu ya Union Saint-Gilloise ya Ubelgiji ilicheza na timu ya Wakongo mjini Léopoldville, katika uwanja ulioitwa wakati ule Stade Roi Baudouin. Refa alikuwa Mbelgiji. Wenyeji waliposhindwa, maamuzi yake yalilalamikiwa vikali, na watazamaji wakatoka nje wakayapiga mawe magari ya Wazungu. Wenye magari hayo hawakuwa wamepuliza kipenga. Hata hivyo, machoni pa umati, refa na wao walikuwa kitu kimoja: katika nchi ambayo Mwafrika hakuwa na mahakama ya kumshtaki Mzungu kwa usawa, uamuzi wa uwanjani ulionekana kuwa sehemu ya hukumu ya kila siku.

Tarehe 4 Januari 1959 jambo hilo lilidhihirika zaidi. Mkutano wa chama cha ABAKO ulikuwa umekatazwa, na wafuasi wake walikuwa wamekusanyika kwa hasira. Jioni hiyohiyo mashabiki walitoka uwanjani baada ya V. Club kufungwa, wakachanganyika nao. Ghasia zilizofuata ziliua watu 49 kwa hesabu ya serikali ya kikoloni, na wengi wamesema idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Leo siku hiyo huadhimishwa Kongo kuwa siku ya mashahidi wa uhuru. Tabia iliyoitwa uhuni na watawala imeingia katika historia ya taifa kwa jina la heshima.

3. Butembo na Lubumbashi

Lakini haifai kulitakasa kila jiwe kwa jiwe la 1959. Tarehe 14 Septemba 2008, mjini Butembo, Kivu ya Kaskazini, timu za Nyuki System na Socozaki zilikuwa zikipambana. Nyuki System walikuwa wakielekea kushindwa pale kipa wao alipokimbilia upande wa pili wa uwanja. Ikadaiwa kwamba alikwenda kutega uchawi. Ugomvi ukazuka, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua gesi ya machozi, na umati ukakimbilia milangoni. Zaidi ya watu 10 walikufa katika msongamano, wengi wao watoto na vijana. Hapa refa alikuwapo, lakini kwa waliosadiki uchawi kipenga chake hakikuwa na kazi tena: nani awezaye kuamua juu ya kosa lisiloonekana?

Mfano wa Lubumbashi ni wa ajabu zaidi. Tarehe 18 Desemba 2010 TP Mazembe, klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ilifungwa na Inter ya Milano mabao 3 kwa 0 huko Abu Dhabi. Refa alikuwa Yuichi Nishimura, Mjapani. Mjini Lubumbashi ikavuma kwamba ni Mchina, na maduka ya Wachina yakashambuliwa. Kama mwaka 1957, hasira ilimtafuta aliye karibu; safari hii hata taifa lake lilikosewa.

4. Utani na mpaka wake

Yawezekana kujibiwa kwamba dawa ni utani. Mashabiki wa Simba na Yanga wa Dar es Salaam huitwa watani wa jadi, na mtani huruhusiwa kusema yale ambayo mgeni angepigwa kwayo. Hata hivyo, tarehe 1 Oktoba 2016 Yanga walipopata bao ambalo Simba walidai lilitanguliwa na mpira kushikwa kwa mkono, viti vingi vya Uwanja wa Taifa viling'olewa. Utani huvumilia kushindwa, hauvumilii kudhulumiwa.

5. Hitimisho

Tarehe 11 Mei 2014 watu wapatao 15 walikufa Kinshasa katika mechi ya V. Club na TP Mazembe. Mawe yalirushwa, gesi ya machozi ikafyatuliwa, watu wakakanyagana. Uwanja ulikuwa uleule wa 1957, sasa ukiitwa Tata Raphaël. Mkoloni alikuwa ameondoka zamani, lakini mpango wa kutuliza umati ulikuwa bado kuuziba pumzi ndani ya kuta.

Kwa hiyo lawama haimwangukii shabiki peke yake. Bukavu na Kamituga, sawa na Kinshasa, kabla ya kuwahubiria vijana adabu, hapana budi kuuliza kama refa hana upande, kama malango yanafunguka, na kama polisi wanajua la kufanya. Methali husema hasira ni hasara. Historia hii huongeza kwamba hasara hiyo mara nyingi hulipwa na asiyekasirika: mwenye duka, mwenye gari, na mtoto wa Butembo aliyekwenda kutazama mpira.