Aliletwa na Nani?

Ramadhani iliyopita nilimpelekea shangazi yangu wa Kikwajuni nakala ya Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Shangazi ana miaka sabini na kitu, na riwaya anazisoma tangu yuko skuli. Hii aliisoma usiku, akisharudi tarawehe. Siku ya kumi na moja akanipigia simu.

"Kitabu kizuri, mwanangu. Lakini huyu bwana katukatia hadithi njiani."

Nilicheka, maana lawama hiyo nishaizoea. Tangu Gurnah apewe Nobel mwaka 2021, kila nikizungumza na wasomaji wa hapa Mjini kuhusu vitabu vyake, maswali ni mawili. La kwanza: sasa ikawaje? La pili huulizwa kwa sauti ya chini: hasa huyu ni nani? Watu wanataka ukoo, mtaa, hata nyumba. Mimi ni mwandishi wa habari, kuuliza nani na lini ndiyo kazi yangu, lakini kwenye riwaya swali hilo lilikuwa likinikera. Jibu langu lilikuwa moja: hii hadithi, si faili la mahakama.

Nadhani aliyetuzoesha kudai jibu ni Mohammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, naye pia mtu wa magazeti. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957/58. Maiti ya Bwana Ali inakutwa mzimuni, na watu wako tayari kuutwika mzimu kesi nzima. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hakubali. Mtu kauawa, basi yupo aliyemuua. Vitabu vilivyofuata vikaingia zaidi ndani ya nyumba za watu: urithi, nasaba, nani mtoto wa nani. Kila mara, mwishoni, Najum anafunguliwa fumbo lote, na sisi pamoja naye.

Peponi haiko hivyo. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anaondoka kwao na tajiri Aziz, mtu anayedhani ni jamaa yao. Dukani kwa tajiri, Khalil ndiye anayemfumbua macho: wewe ni rehani ya deni la baba yako, kama mimi nilivyo. Vita vya Kwanza vinakaribia. Mwishoni Yusuf anakimbilia msafara wa askari wa Wajerumani, na kitabu kinaishia hapo. Hakuna Bwana Msa wa kuja kutukalisha kitako na kutueleza.

Nikamuuliza shangazi kama kilichomuudhi ni mwisho tu. Akanyamaza kidogo.

"Yule mtoto," akasema. "Bibi yake mama naye aliletwa vivyo hivyo. Mdogo."

Neno hilo nalisikia tangu utotoni. Fulani aliletwa. Fulani alichukuliwa. Kiswahili kinaruhusu kitenzi kikae bila mtendaji, na nyumba nyingi Unguja zinasimulia historia yao namna hiyo. Tarehe tulizisoma skuli: soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, na amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba ikatoka 1897. Lisilozungumzwa sana ni kwamba masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka 1909. Miaka 12 mingine ndani ya nyumba, na humo ndimo walimozaa. Mtoto wa suria na bwana wake alihesabiwa muungwana, akarithi kama nduguze. Kwa hiyo ukiuliza "aliletwa na nani", mara nyingine jibu ni babu yako mwenyewe.

Hapo nikaelewa kwa nini swali la pili huulizwa kwa sauti ya chini. Nilidhani wasomaji wanatafuta umbea. Kumbe wengine wanatafuta mtendaji wa kitenzi walichorithi, na riwaya imewapa pa kuanzia. Kumuuliza mama yako juu ya bibi yake ni utovu wa adabu. Kuuliza juu ya Yusuf si kosa.

"Shangazi," nikasema, "aliletwa na nani?"

"Hilo sikuwahi kuuliza. Ilikuwa haiulizwi." Nikamsikia akivuta kiti. "Lakini mama mdogo wa Jambiani amelala naye chumba kimoja miaka. Njoo Ijumaa tumwendee, asubuhi, maana mchana akili yake inachoka."

"Haya, shangazi."

"Na kitabu chako usikidai kwanza. Macho yake hayaoni tena. Nitamsomea pale mtoto anapochukuliwa, tuone atasema nini."