Mdondo, au Kwa Nini Kuku wa Umoja Wanaugua Newcastle

Mfugaji wa Umoja, Nairobi, awe na kibanda nyuma ya nyumba Innercore au vizimba juu ya paa la ghorofa, husema "Newcastle". Jina hilo ni la mji wa Uingereza, Newcastle upon Tyne, ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1926, mwaka uleule ulipojitokeza pia kisiwani Java. Daktari Doyle aliyeuchunguza aliuita hivyo kwa muda tu, akihofia kwamba jina la kueleza dalili lingechanganywa na maradhi mengine. Muda huo haujaisha hadi leo.

Watanzania wana jina lao, mdondo, na wengine husema kideri. Mimi napendelea mdondo. Anayelisikia hukumbuka kudondoka, na hivyo ndivyo banda lisilochanjwa linavyokwisha: leo wawili, kesho kumi.

Hata hivyo hofu ya Doyle ilikuwa na msingi, maana si kila kuku anayedondoka ana mdondo. Istilahi hii ni ya ugonjwa wa virusi. Kuku huzubaa, mabawa yakashuka, akahema mdomo wazi huku akikoroma, akaharisha kijani. Anayeishi siku chache zaidi huweza kupinda shingo mpaka akatazama mgongo wake, au kupooza miguu. Vigaga kwenye upanga na kope ni ndui, habari nyingine. Mafua makali ya ndege, kwa upande wake, hufanana na mdondo kiasi kwamba maabara pekee ndiyo huamua. Vikitokea vifo vya ghafla, aarifiwe daktari wa mifugo.

Kwa kuwa mdondo ni wa virusi, antibayotiki haziutibu. Pesa nyingi hupotelea hapo, kwenye pakiti za unga wa kuchanganya na maji, ilhali chanjo, ikiwemo ile inayotengenezwa na KEVEVAPI, taasisi ya Kenya ya chanjo za mifugo, ni nafuu. Tone moja jichoni, kisha kurudia kila baada ya miezi mitatu au minne. Ibebwe kwenye barafu. Ukiamua kuitia kwenye maji ya kunywa, kumbuka maji ya bomba ya Nairobi yana klorini, nayo huua chanjo hai. Tumia maji ya mvua, au tangulia kuchanganya maziwa ya unga kidogo. Kuku wanaougua tayari chanjo haiwaponyi.

Kuku aliyetoka ushago au sokoni atengwe wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenzake. Mzoga usitupwe jalalani, bali uzikwe au uchomwe. Na yule anayewauza wagonjwa kwa bei ya kutupa, hata kama hasara imemuuma, anawapelekea majirani mdondo.

Chupa ya chanjo mara nyingi hutosha kuku mia au zaidi, na ikishachanganywa haiwekwi hadi kesho. Wenye kuku wanane wanane kwenye ploti moja wachange, wachanje siku moja.