Mkoba wa kazi

Msibani watu humwambia mfiwa, "Mungu amekupa mtihani." Neno hilohilo ndilo analolisikia mtoto wa darasa la nne anapowekewa karatasi mezani na kuonywa asigeuke.

Njia nyingine za kupima zipo, na mojawapo, mkusanyo wa kazi za mwanafunzi mwenyewe, ina majina mawili: Kenya wamezoea kusema potfolio, Tanzania mkoba wa kazi. Mimi nashika la pili. Potfolio ni neno lenye asili ya Kitaliano, la kitu cha kubebea karatasi. Mtajie mzazi muuza mboga, halimpi picha yoyote. Mkoba anaujua. Hutundikwa begani, una mwenyewe, na hutiwa kinachofaa safari tu. Hata mganga akirithishwa kazi husemwa amepewa mkoba, yaani ujuzi wenyewe.

Kwa hiyo faili lililojazwa kila zoezi na kufungiwa kabatini si mkoba wa kazi. Sharti mwanafunzi achague mwenyewe, kisha aeleze kwa nini. Chukua barua mbili za mtoto mmoja kwa bibi yake. Ya Februari ina mistari mitatu, na ndani yake "nimefurai" na "alafu". Ya Septemba ina salamu, habari za mbuzi aliyezaa, na swali: goti bado linauma? Pembeni ameandika kwa penseli: "Nimechagua hii kwa sababu nimemuuliza kitu." Maswali ya kuchagua A hadi D hayawezi kuitoa sentensi hiyo.

Wazo si geni. Nchini Tanzania, Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mtihani wa mwisho usiwe hakimu pekee. Kenya ilifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na katika KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini uliofanywa mara ya kwanza 2025, asilimia 20 ya alama hutokana na kazi zilizopimwa shuleni Gredi ya 7 na ya 8. Bado ni kidogo, ingawa naelewa hofu: mwalimu mwenye watoto 80 hasomi mikoba 80 kwa wiki, na bila vigezo vya pamoja, "vizuri sana" ya shule hii ni "wastani" ya jirani. Basi apitie mikoba minane kwa wiki, kila mmoja uwe na kazi nne au tano tu. Na shule zikifungwa, mkoba uende nyumbani na mwenyewe. Bibi naye aisome barua yake.