Keki ya gurudumu na mhariri aliyesahaulika

Agosti 2027 maelfu ya wapanda baiskeli wanatarajiwa kukusanyika tena nje ya Paris kwa safari ya kwenda Brest na kurudi, kilomita 1,200 ambazo wengi wao hutakiwa kuzimaliza ndani ya saa 90. Zamu hii huja mara moja kila miaka minne. Mara ya mwisho, mwaka 2023, walianzia Rambouillet. Wakati maandalizi yakiendelea, inafaa kuikumbuka keki yenye jina la safari hiyo, Paris-Brest, pamoja na mtu aliyeiagiza.

Paris-Brest ni duara la donge la shu, yaani unga uliosongwa kwa maji, siagi na mayai, lililookwa hadi likawa jepesi na lenye uwazi ndani. Juu yake hunyunyiziwa vipande vyembamba vya lozi, kisha hupasuliwa kwa ubapa na kujazwa krimu nzito ya pralini, yaani lozi zilizosagwa pamoja na sukari iliyoungua. Umbo lake ni gurudumu la baiskeli. Kwa mujibu wa simulizi ya duka la Durand, mjini Maisons-Laffitte kando ya mto Seine, kaskazini-magharibi mwa Paris, keki hii iliokwa kwa mara ya kwanza mwaka 1910 na Louis Durand, kwa ombi la Pierre Giffard.

Donge lenyewe lina umri mkubwa kuliko baiskeli. Hadithi inayosimuliwa kila mahali humpa sifa mpishi wa Catherine de' Medici, binti wa Florence aliyeolewa Ufaransa mwaka 1533, ingawa maandishi ya zama zake hayaithibitishi. Kufikia siku za mpishi Antonin Carême, aliyefariki mwaka 1833, tayari lilikuwa mikononi mwa waokaji wa Paris. Katika karne hiyohiyo zikafuata ekleri na keki ya Saint-Honoré. Mimi navutiwa zaidi na Durand, kwa kuwa yeye tunamjua kwa jina, kwa mji na kwa mwaka, na hahitaji malkia wa kumtukuza.

Giffard hakuwa mtu wa jikoni. Alikuwa mwanahabari. Mwaka 1891, akiwa mhariri katika Le Petit Journal, alitangaza mbio ambazo wengi waliona ni wazimu: kutoka Paris hadi Brest, bandari iliyo kwenye ncha ya magharibi ya Ufaransa, kisha kurudi Paris. Septemba mwaka huo waliondoka watu zaidi ya 200. Charles Terront alirejea wa kwanza, baada ya saa 71 na dakika 22, akiwa juu ya matairi ya upepo ya Michelin, ambayo wakati huo yalikuwa kitu kipya. Mbio za Giffard ziliyapatia matairi hayo jina, na Giffard mwenyewe angekuja kulipwa ubaya.

Baadaye alikuwa mhariri wa Le Vélo, gazeti la michezo la kila siku lililochapwa kwenye karatasi ya kijani. Ufaransa wakati huo ilikuwa imepasuka pande mbili kwa sababu ya Kapteni Alfred Dreyfus, afisa Myahudi aliyehukumiwa kwa uhaini ambao hakuufanya. Giffard alisimama upande wa Dreyfus. Juni 1899, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Auteuil, Rais Émile Loubet alishambuliwa kwa fimbo na mmoja wa mahasimu wa Dreyfus. Miongoni mwa waliokamatwa katika vurugu hiyo alikuwa Jules-Albert de Dion, kabaila na mtengenezaji mkubwa wa magari, ambaye alifungwa siku 15. Giffard akamkemea kwa kalamu, waziwazi, ilhali gazeti lake liliishi kwa matangazo ya watu kama de Dion.

Matajiri hawakumsamehe. De Dion, Adolphe Clément, Michelin na wenzao walichanga fedha, na Oktoba 1900 wakaanzisha gazeti la kushindana naye, L'Auto-Vélo. Walilichapa kwenye karatasi ya njano na kumpa Henri Desgrange kiti cha uhariri. Hata mbio za Paris-Brest zilipofanyika kwa mara ya pili, mwaka 1901, L'Auto-Vélo lilikuwa miongoni mwa waandalizi, likishirikiana na Le Petit Journal. Mzazi alibaki anatazama mtoto wake akilelewa na hasimu.

Giffard alikwenda mahakamani kudai jina, na Januari 1903 akashinda. Wapinzani waliamriwa kufuta neno Vélo, wakabaki na L'Auto. Ushindi huo ndio uliommaliza. L'Auto, likihofia kupoteza wasomaji wapenda baiskeli, likaanzisha mbio ndefu kuliko zote zilizowahi kuonekana, na Julai mwaka huohuo Tour de France ya kwanza ikaondoka. Mwaka uliofuata Le Vélo likafa. Leo dunia nzima inaijua jezi ya njano, rangi ya karatasi ya Desgrange, na wachache mno wanaweza kulitaja jina la Giffard. Naliona hilo kuwa dhuluma. Alipoteza gazeti kwa sababu alikataa kunyamaza mbele ya uonevu.

Miaka sita baada ya msiba huo, mbio za tatu za Paris-Brest zikikaribia, alimwendea Durand na kumwomba keki ya kuzienzi mbio alizoziasisi. Keki hiyo ilisambaa Ufaransa yote. Mbio za waendesha baiskeli wa kulipwa zilikoma mwaka 1951, zikabaki za waendesha baiskeli wa ridhaa. Katika miaka ya karibuni waokaji kama Philippe Conticini wameijenga keki upya, wakipanga vidonge vya mviringo mahali pa duara moja.

Kinachonisikitisha ni kwamba hapa kwetu donge la shu linaogopwa. Kina mama na vijana wanaookea keki majumbani, hodari wa keki za harusi za ghorofa tatu, hulikwepa wakiamini linataka mashine na shule ya Ulaya. Madukani nako mara nyingi tunauziwa maganda yaliyolala, laini kama sponji. Donge hili linahitaji vitu vya dukani mtaani: maji mililita 250, siagi gramu 100, chumvi kidogo, unga wa ngano gramu 150 na mayai manne. Hakuna hamira wala beking pauda. Kinachoinua ni mvuke.

Chemsha maji, siagi na chumvi. Yakitokota, mimina unga wote kwa mara moja na usonge kwa mwiko, kama unavyosonga ugali, mpaka donge liachane na sufuria. Endelea kulisonga kwenye moto mdogo dakika moja au mbili ili unyevu utoke. Ukiruka hatua hii donge halitaweza kubeba mayai ya kutosha. Ondoa jikoni, acha joto lipungue ili mayai yasiive, kisha ingiza yai moja baada ya jingine. Likiwa tayari hung'aa na kudondoka kwenye mwiko polepole, likiacha ncha ya pembetatu.

Chora duara la sentimita 20 kwenye karatasi ya kuokea. Kamulia pete moja juu ya mstari, ya pili ndani yake zikigusana, na ya tatu juu ya mpaka wa hizo mbili. Mfuko wa plastiki uliokatwa kona unatosha. Oveni iwe na nyuzi 190. Ndani yake maji yaliyomo kwenye donge hugeuka mvuke na kulisukuma, huku mayai na wanga vikikakamaa na kushika umbo. Ukifungua mlango katika nusu saa ya kwanza, mvuke hutulia kabla ukuta haujakauka, na pete hubonyea. Ikishakuwa ya kahawia iliyokolea, itoboe ubavuni na uirudishe oveni dakika chache.

Pralini ya Kifaransa kwa kawaida hutumia lozi na njugu za Ulaya, lakini korosho za Mtwara zinafaa sana. Zikaange, zichanganye na sukari iliyoungua, saga, kisha changanya na kastadi na siagi laini. Jaza siku ya kula, kwa kuwa krimu hulainisha ganda ndani ya saa chache.