Silikoni katika ukuaji wa mpunga

Silikoni (alama ya kikemia: Si) ni elementi ya pili kwa wingi katika ganda la dunia, baada ya oksijeni. Haihesabiwi miongoni mwa virutubisho vya lazima kwa mimea yote. Hata hivyo, mpunga huifyonza kwa wingi kuliko nitrojeni, fosforasi au potasiamu, na inaweza kufikia asilimia 10 ya uzito wa majani na mashina yaliyokauka.

Ufyonzaji

Mizizi hufyonza silikoni ikiwa katika umbo la asidi ya siliki iliyoyeyuka katika maji ya udongo. Mwaka 2006 watafiti wa Japani wakiongozwa na Jian Feng Ma walitangaza jeni ya Lsi1, ambayo protini yake huiingiza asidi hiyo ndani ya seli za mizizi. Mwaka 2007 walieleza Lsi2, inayoitoa kwenye seli kuelekea mishipa ya maji. Maji yanapotoka majanini kama mvuke, asidi hukolea na kuganda kuwa silika ngumu chini ya ngozi ya jani. Ikishaganda haihami, hivyo kila jani linalochipuka huhitaji silikoni mpya.

Faida

Tabaka hilo la silika huzuia kuvu wa ugonjwa wa blasti kupenya jani, huwapa shida viwavi wanaotoboa mashina, na hupunguza upotevu wa maji. Majani husimama wima yakapata mwanga zaidi, na shina halilali kwa urahisi. Silikoni pia hupunguza sumu ya chuma na manganizi, na ufyonzaji wa aseniki, kwa kuwa aina moja ya aseniki hupita katika njia zilezile za Lsi1 na Lsi2. Nitrojeni ikizidi, majani hulegea na blasti hushamiri. Hapo ndipo silikoni huhitajika zaidi.

Eneo la Mlima Kenya

Mpunga hulimwa kusini mwa Mlima Kenya, katika skimu ya umwagiliaji ya Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, iliyoanzishwa miaka ya 1950. Majaruba yake hupata maji ya mito Thiba na Nyamindi, inayoteremka kutoka miamba ya volkano, chanzo cha asili cha silika. Pishori, yaani Basmati 370, hupendwa kwa harufu yake lakini hushambuliwa sana na blasti.

Kurudisha silikoni shambani

Mavuno ya tani 5 za mpunga kwa hekta huondoa takriban kilo 230 hadi 470 za silikoni. Sehemu kubwa imo katika nyasi za mpunga, ambazo Mwea huuzwa kwa marobota kuwa lishe ya ng'ombe, na katika maganda yanayorundikana vinuni. Ni hasara kwa shamba. Japani imetumia mbolea ya silikati tangu miaka ya 1950; mkulima wa Mwea anaweza kuanza na alichonacho: kuacha nyasi zioze jarubani, kurudisha samadi ya ng'ombe waliozila, au kutandaza majivu ya maganda, ambayo mara nyingi huwa na silika zaidi ya asilimia 85. Maganda yachomwe kwa moto wa wastani, kwani joto kali hufanya silika iwe fuwele isiyoyeyuka upesi. Majivu hayachukui nafasi ya nitrojeni. Huusaidia mpunga kuitumia nitrojeni hiyo bila kulala wala kuugua.