Nguvu Kazi: Sheria iliyodai daftari, ikaleta karandinga

Mapema mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilitangaza nafasi 1,596 za ajira. Waliotuma maombi walizidi 135,000. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali, na kila mtu alikuwa na lake: elimu haifai, vijana wanachagua kazi, serikali haiajiri. Lakini swali la msingi halikupewa nafasi. Hao wote walioomba walikuwa wakila nini mpaka siku ile? Nani anajua wanauza nini, wanalima wapi, wanabeba mizigo ya nani?

Mwaka huohuo ulitimia miaka 60 tangu nchi hii ifanye utafiti wake wa kwanza wa nguvu kazi, mwaka 1965. Sikuona taarifa hata moja ya kuukumbuka. Ni bahati mbaya, kwa sababu utafiti wa pili ulikuja kufanyika 1990/91. Robo karne nzima serikali ilipanga ajira za wananchi bila utafiti mpya wa kuwauliza wanafanya kazi gani, na ndani ya robo karne hiyo ndipo ilipotokea operesheni ambayo wazee wa Dar es Salaam hawajaisahau: Nguvu Kazi.

Habari za operesheni hiyo zimehifadhiwa vizuri na watafiti wawili. Andrew Burton, mwanahistoria, amefuatilia namna serikali, ya mkoloni na ya kwetu, zilivyohangaika na watu wasio na ajira mijini. Aili Mari Tripp, msomi wa siasa, alifanya utafiti mitaa ya Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu mwaka 1997. Sehemu kubwa ya makala haya inategemea kazi zao.

Mkoloni alitaka kujua habari za wafanyakazi kwa sababu moja tu: mashamba yalihitaji watu. Katika mkonge wa Tanga na Morogoro manamba alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na kila siku aliyofanya kazi iliwekewa alama. Idara ya Kazi ya Tanganyika ilianzishwa 1926 chini ya Granville Orde Browne, ikafungwa 1931 mdororo wa uchumi ulipobana bajeti. Mjini, Mwafrika asiye na mwajiri aliitwa mhuni, akakamatwa na kurudishwa kwao. Baada ya uhuru ulikuja mshahara wa kima cha chini wa nchi nzima, zikaja sheria za kumlinda mwajiriwa, na zikaja hesabu za wataalamu wangapi nchi ingehitaji, yaani madaktari, wahandisi na walimu. Muuza kahawa hakuwemo kwenye hesabu hizo. Yeye alibaki mzururaji, na miaka ya 1970 wasio na ajira walipelekwa vijijini, wengine Gezaulole, upande wa Kigamboni.

Kisha ukaja mwaka 1983. Nchi ilikuwa hoi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, vita vya Kagera vilikuwa vimekomba hazina, mafuta yalikuwa ghali, na sukari, unga na sabuni vilipatikana kwa foleni. Waziri Mkuu Edward Sokoine, kiongozi anayekumbukwa hadi leo kwa uadilifu wake, aliendesha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kila mwenye uwezo kufanya kazi, ambayo wananchi waliijua kwa jina la Sheria ya Nguvu Kazi.

Ukiisoma leo unashangaa. Ndani yake kulikuwa na wazo zuri ambalo hata sasa tunalihitaji: mamlaka za mitaa ziweke daftari la waajiri na la wakazi wenye uwezo wa kufanya kazi, ili nafasi na watu wakutanishwe. Hizo ndizo taarifa za soko la ajira. Daftari la namna hiyo, likiandikwa kwa uaminifu mtaa kwa mtaa, lingeieleza serikali mengi ambayo haikuyajua.

Lakini kuandika daftari kunataka muda, makarani na uvumilivu wa kusikiliza, na karandinga halihitaji lolote kati ya hayo. Mwishoni mwa 1983 msako ulianza jijini. Mtu alisimamishwa barabarani akaulizwa kitambulisho cha kazi. Mwenye barua ya mwajiri alipita. Asiye nayo, hata kama alikuwa na sinia la samaki kichwani au sanduku la kushonea viatu begani, alihesabiwa hana kazi. Waliokamatwa walipakiwa kwenye magari kupelekwa vijijini na kwenye mashamba yenye upungufu wa watu. Wengi walirudi mjini muda si mrefu, kwa sababu huko walikopelekwa hapakuwa na cha kuwashika.

Hapa utafiti wa Tripp unafumbua macho. Kati ya katikati ya miaka ya 1970 na mwisho wa miaka ya 1980 mshahara wa mwajiriwa ulipoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake. Mshahara wa mwezi ulilisha familia siku chache tu. Nyumba nyingi ziliendeshwa na miradi: mama anakaanga maandazi alfajiri, watoto wanauza barafu, baba akitoka ofisini anafuga kuku uani. Karani mwenye kitambulisho alitembea kifua mbele mjini. Mkewe, ambaye maandazi yake ndiyo yaliyonunua unga wa usiku, ndiye aliyetakiwa kuliogopa karandinga. Serikali iliwinda kazi ileile iliyokuwa ikiiweka nchi hai, na haikufanya hivyo kwa ukatili tu. Haikuwa na utafiti wa karibuni wa kuionyesha kwamba hiyo ni kazi.

Wala jambo hilo halikuwa siri duniani. Mwaka 1972, miaka 11 kabla ya msako wetu, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) uliotumwa Kenya ulikuwa umeandika wazi kwamba mafundi na wachuuzi wadogo wa Nairobi si wazururaji, bali ni wazalishaji wanaosumbuliwa na mamlaka badala ya kusaidiwa. Ushauri ulikuwa jirani tu.

Sokoine alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, na msako ukafifia. Sheria ilibaki, na kilichofuata hakikutarajiwa na walioitunga: wachuuzi walianza kukatiwa leseni ya Nguvu Kazi, na jina lililowafukuza mjini likawa kibali chao cha kukaa mjini. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali iliiweka sheria hiyo kwenye orodha yake ya sheria 40 kandamizi. Mwaka huohuo ulifanyika utafiti wa kwanza wa kitaifa wa sekta isiyo rasmi, ukakuta karibu watu milioni 2.4 wakifanya kazi humo. Ndio walioitwa hawana kazi.

Tangu hapo mambo yamesogea, ingawa kwa mwendo wa kusuasua. Sera ya Taifa ya Ajira ilitoka 1997, ikafanyiwa marekebisho 2008, mwaka ulioanzishwa Wakala wa Huduma za Ajira. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imefanya tafiti za nguvu kazi 2000/01, 2006, 2014 na 2020/21. Tafiti hizi ni za kujivunia. Mdadisi huingia nyumbani na kuuliza mtu alifanya nini siku saba zilizopita. Kwa kipimo cha kimataifa, saa moja ya kazi inatosha kukuweka upande wa wenye ajira. Kipimo chetu cha kitaifa kinakwenda mbali zaidi na kumhesabu pia kama asiye na ajira yule ambaye kibarua chake hakina uhakika. Aliyeandika kipimo hicho aliyajua maisha ya watu wetu.

Kasoro ni nafasi kati ya utafiti na utafiti: miaka sita, miaka minane. Katikati hapo mamlaka hurudia mazoea ya zamani. Mwaka 2018 wamachinga walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Mwaka 2021 wakaondolewa barabarani. Kote huko uamuzi ulitangulia, hesabu ikafuata nyuma.

Takwimu za ajira zitoke kila mwaka, mkoa kwa mkoa, na kila halmashauri ilazimike kuonyesha ni watu wangapi wanaishi kwa biashara ya eneo fulani kabla haijawahamisha. Gharama yake haiwezi kulingana na ile tuliyoilipa 1983, tulipowatimua watu kutoka kwenye kazi zao kwa kosa la kutokuwa na kazi. Sheria ya Nguvu Kazi ilikuwa sahihi katika jambo moja, nalo ndilo lililoachwa: daftari. Liandikwe sasa.